The Clone Wars: Hevy afe msimu wa 1, kisha awe kuruta msimu wa 3?

Wanajukwaa, hasira hii ninayo tangu jana usiku. Imekuwaje tamthilia ya katuni ya Star Wars: The Clone Wars, iliyoanza kuoneshwa Oktoba 2008, hadi leo ipangwe mtandaoni kwa tarehe za kurushwa hewani, ilhali mpangilio huo unaivuruga hadithi yenyewe?

Kilichoniuma zaidi ni habari ya Hevy, mmoja wa makloni, yaani askari walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa 1, kituo cha mwezi wa Rishi kimevamiwa, mtambo wa kulipua kutoka mbali unagoma, naye anabaki nyuma peke yake na kukilipua kwa mkono wake huku maroboti yamemzunguka. Ukishamlilia vya kutosha, unafika mwanzo wa msimu wa 3 na kumkuta mzima wa afya, kuruta mkaidi kule Kamino, sayari wanakofunzwa makloni, akimkabidhi 99, yule kloni mlemavu anayefanya usafi kambini, medali yake ya kuhitimu. Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, huyu si alikufa?" Nikakosa la kumjibu. Tukio hilo la medali ndilo lingekipa kifo chake uzito wote, lakini limeletwa wakati matanga yamekwisha kuanuliwa.

Si yeye pekee. Cad Bane, mhalifu anayewinda watu kwa malipo, anazipata ramani za jengo la Seneti katika sehemu ya 8 ya msimu wa 3, ilhali aliwateka maseneta humo tangu mwisho wa msimu wa 1. Na hadithi inayotangulia zote kwa wakati wameificha wapi? Sehemu ya 16 ya msimu wa 2!

Najua wapo watakaosema kwamba watunzi walikuwa wakirudi nyuma kujazia mapengo, nami siwalaumu, kwa kuwa walitunga huku wakirusha. Lakini mwaka 2014 tovuti rasmi ya Star Wars ilichapisha mfuatano sahihi wa matukio, kwa hiyo kazi ngumu ilishafanyika, na bado mtazamaji mgeni anaachwa arukeruke kati ya misimu akiwa na karatasi mkononi kama karani wa ghala. Hatudai picha zihaririwe upya. Tunadai kitufe kimoja tu cha kupanga sehemu kwa mfuatano wa matukio.

Wakati tukikisubiri, mimi na mdogo wangu tumeanza upya, kwenye msimu wa 2, sehemu ya 16.