Mrejesho: Kuandaa nyumba kabla ya dalali kuitangaza

Wakuu, niliwauliza kama nibomoe jiko na kulijenga upya kabla ya kumkabidhi dalali nyumba. Wengi mlisema nisiguse, na dalali alipoikagua akasema yale yale: mnunuzi ana ladha yake, na gharama ya jiko jipya mara nyingi hairudi yote kwenye bei.

Kilichofanyika ni rangi ya ukutani, bomba lililokuwa likivuja, vitasa vilivyolegea, na kupunguza makochi. Hayo makochi! Sebule imepanuka utadhani tumevunja ukuta. Picha za familia nazo zimeshushwa, ingawa mama watoto alinuna kidogo.

Ubishi ulikuwa kwenye doa la unyevu chini ya dirisha. Dalali alikataa lifunikwe kwa rangi: chanzo kitibiwe, na mnunuzi aambiwe, maana akija kugundua mwenyewe atashuku nyumba nzima. Fundi ameziba ufa kwa nje, risiti ninayo.

Kwenye mkataba wangu na dalali, kamisheni yake italipwa mauzo yakikamilika, na mkataba wenyewe una tarehe ya mwisho. Bei ameikadiria kwa nyumba zilizokwisha kuuzwa karibu nasi, si zinazotangazwa. Iko chini ya niliyoitaka, lakini nimekubali. Picha zinapigwa wiki hii.