Majirani wa Ukuta Mmoja: usiku bei ilipopanda tena

[19:42] Mama Pacha: Jamani, kuna mwingine aliyepata ujumbe wa kampuni ya umeme? "Mteja wetu mpendwa, kuanzia mwezi ujao..." Wakianza kuniita mpendwa najua nimeshaumia.

[19:43] Mpangaji wa Chini: Nimeupata. Asilimia 9.

[19:43] Mpangaji wa Chini: TENA

[19:44] Dada wa Cherehani: Mwaka jana 9, mwaka juzi 9, na sasa 9. Miaka mitatu, asilimia 27. Mimi bei ya kushona gauni sijapandisha hata mara moja.

[19:46] Mzee wa Hesabu: Si 27, binti yangu. Ya pili ilipigwa juu ya bei iliyokwisha kupanda, na hii ya tatu inapigwa juu ya zote mbili. Zidisha 1.09 mara tatu, unapata 1.295. Karibu asilimia 30.

[19:46] Dada wa Cherehani: Shikamoo Mzee. Ungeniacha tu na 27 yangu.

[19:47] Mzee wa Hesabu: Marahaba 😄

[19:49] Mpangaji wa Chini: *Ujumbe uliosambazwa mara nyingi* AMKENI!!! Tarehe 1 hakuna kulipa! Tuma kwa vikundi 20, kampuni itasalimu amri!!!

[19:50] Katibu: Nimeufuta huo. Kila bei ikipanda unarudi uleule, hata makosa ya herufi hawajarekebisha. Ukigoma peke yako wanakukatia, kisha unalipa bili, faini na ada ya kurudishiwa. Nani hapa yuko tayari kuanza?

[19:50] Mpangaji wa Chini: Samahani katibu, hasira.

[19:52] Mama Pacha: Hasira anazo kila mtu. Kinachonikera mimi, muuza duka akinipandishia nahamia duka la pili. Hawa nikiwakasirikia naenda wapi? Nakaa gizani nikinuna?

[19:55] Fundi: Umeme ndivyo ulivyo, mama. Huwezi kupitisha nguzo za kampuni tano mbele ya mlango mmoja. Waya mmoja unatutosha sote, wa pili ni kutupa pesa. Hata serikali ikiumiliki, bado utakuwa mmoja.

[19:55] Mama Pacha: Fundi, wewe uko upande wa nani?

[19:57] Fundi: Upande wa waya. Nguzo zinaoza, transfoma zinachoka, shaba haijawahi kuwa rahisi. Mtu anataka umeme usiokatika kwa bei ya zamani, hiyo haipo. Nasema ukweli, mnaweza kunitoa kwenye kikundi.

[19:58] Katibu: Hatoki mtu. Ila Fundi, gharama tunazielewa. Kinachouma ni faida.

[20:06] Mzee wa Hesabu: Hapo ndipo penyewe. Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu miaka mingi, niwaeleze inavyopangwa, maana wengi wanadhani kampuni inajiamulia tu. Haijiamulii. Inapeleka maombi kwa mdhibiti, chombo kinachoidhinisha bei. Wanajumlisha mambo manne: gharama za kuendesha kazi, kodi, uchakavu wa mitambo (yaani bei yake iliyogawanywa kwa miaka), na faida. Faida hiyo haipigwi juu ya mauzo. Inapigwa juu ya thamani ya mali iliyojengwa ambayo bado haijalipika: nguzo, waya, mitambo, majengo. Kule Marekani, kwa mfano, kampuni za namna hii huruhusiwa mara nyingi kati ya asilimia 9 na 10 kwa mtaji wa wanahisa. Mishahara na matengenezo madogo unarudishiwa ulichotumia, hakuna cha ziada. Transfoma mpya unarudishiwa bei yake na faida juu, mwaka baada ya mwaka, mpaka ilipike.

[20:08] Mpangaji wa Chini: Subiri Mzee. Yaani wakitengeneza cha zamani hawapati kitu, wakinunua kipya wanapata?

[20:09] Mzee wa Hesabu: Umelishika. Wachumi wawili, Averch na Johnson, waliandika hilo mwaka 1962. Kampuni ambayo faida yake imefungwa kwenye mali itapenda kuongeza mali, hata pale ambapo njia ya bei nafuu ingetosha. Wala huhitaji mwizi. Kanuni yenyewe inawavuta huko.

[20:10] Mama Pacha: 😳

[20:17] Fundi: Mzee umenifanya nifikirie kitu. Mnakumbuka umeme wetu ulivyokuwa hafifu jioni, taa zinafifia kila mtu akirudi nyumbani? Niliwaambia vijana wao kwamba nyumba nyingi za mstari huu zimefungwa fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu zinazoleta umeme. Mbili zimekaa bure, moja inabeba mzigo wote. Kuzigawa upya ni ngazi, koleo na siku mbili. Wakasema wataripoti. Baada ya miezi ikaja transfoma kubwa, kreni, na bango la mradi.

[20:18] Dada wa Cherehani: Na taa?

[20:18] Fundi: Jioni zinafifia vilevile. Fezi ni ileile moja.

[20:19] Katibu: Kwa hiyo ngazi na koleo havina faida, kreni inayo.

[20:19] Fundi: Sikutaka kusema hivyo mimi.

[20:20] Mama Pacha: Umeshasema baba, na tumesikia 😂

[20:24] Dada wa Cherehani: Nami nina langu. Mwezi uliopita nilibana kwelikweli. Pasi mara moja kwa wiki, friji nikaizima, taa moja. Uniti zilishuka karibu nusu, bili ikashuka kidogo tu. Nikadhani mita inaniibia, nikapanga foleni dirishani saa nne. Yule binti akanijibu "mita yako iko sawa, mama" bila hata kuniangalia.

[20:27] Mzee wa Hesabu: Huenda mita iko sawa kweli. Tazama bili yako mstari wa ada ya kila mwezi, ile unayolipa hata ukisafiri. Tuseme bili ni 100, nusu ni ada na nusu ni uniti. Ukipunguza matumizi kwa nusu, uniti zinatoka 50 hadi 25, ada inabaki 50. Jumla 75. Umejinyima nusu, umeokoa robo.

[20:28] Dada wa Cherehani: Na mimi nikala chakula kilicholala nje ya friji kwa ajili ya robo!

[20:30] Mpangaji wa Chini: Nimefungua lile tangazo refu, kurasa za mwisho. Asilimia 9 ni wastani. Uniti zimeguswa kidogo, ada ya mwezi ndiyo imepanda kuliko vyote.

[20:31] Mzee wa Hesabu: Basi anayetumia kidogo ataumia zaidi ya asilimia 9, na mwenye viyoyozi sita ataumia pungufu yake. Wastani huo unaficha mengi.

[20:33] Mama Pacha: Mimi nasema wanyang'anywe. Yaishe.

[20:34] Mpangaji wa Chini: Inawezekana kwani?

[20:41] Mzee wa Hesabu: Imewahi kutokea. Cochabamba, Bolivia, maji yalipewa kampuni binafsi 1999, bili zikapaa, watu wakajaa barabarani, na Aprili 2000 mkataba ukavunjwa. Paris walingoja mikataba yao ya maji iishe, na 2010 jiji likachukua kazi yenyewe. Jimbo la Nebraska, Marekani, umeme wote unagawiwa na mashirika ya umma na ushirika, hakuna mwanahisa wa kusubiri gawio. Lakini msidhani ni wepesi. Mji wa Boulder, Colorado, ulianza kudai nyaya za kampuni 2011, ukatumia miaka kesini, na 2020 wapiga kura wakaamua kuacha.

[20:42] Katibu: Na upande wa pili?

[20:43] Mzee wa Hesabu: Kampuni za maji za England zilibinafsishwa 1989 zikiwa zimefutiwa madeni. Leo zina deni la zaidi ya pauni bilioni 60, na gawio lilikuwa likitoka miaka yote hiyo. Ila Fundi naye ana hoja, shirika la umma lisilotengeneza chochote litakuweka gizani kwa bei nafuu.

[20:44] Fundi: Ahsante Mzee. Angalau mmoja.

[20:45] Mama Pacha: *Ujumbe huu umefutwa*

[20:45] Katibu: Mama Pacha umefuta nini?

[20:46] Mama Pacha: Tusi. Nimeona Mzee yupo mtandaoni.

[20:51] Katibu: Haya, tukubaliane. Bei bado ni maombi, mdhibiti hajapiga muhuri. Ule ujumbe wa "kuanzia mwezi ujao" umeandikwa kana kwamba yameisha, lakini mkutano wa kusikiliza wateja upo wiki ijayo na maoni ya maandishi yanapokelewa. Tusipeleke kilio. Kilio wameshazoea.

[20:52] Mpangaji wa Chini: Tupeleke nini sasa?

[20:55] Katibu: Maswali yanayotaka jibu la namba. La kwanza la Fundi: kabla ya kununua transfoma hii, je, mlipima mzigo wa kila fezi, na vipimo viko wapi? La pili la Dada: kwa nini nyongeza imewekwa kwenye ada badala ya uniti, na wateja wadogo wataumia kiasi gani? Mzee, la tatu lako.

[20:58] Mzee wa Hesabu: Andika hivi. Kiwango cha faida wanachoomba kimefikiwaje, ikiwa hawana mshindani, mteja hawezi kuhama, na hasara ya hali ya hewa wanaomba turudishe sisi? Faida kubwa hulipwa kwa anayebeba hatari. Watuonyeshe hatari waliyobeba.

[20:59] Dada wa Cherehani: Hilo lisomwe kwa sauti, usilifiche mwishoni.

[21:01] Fundi: Katibu, rekebisha langu. Usiandike "transfoma hii", andika namba yake, ipo kwenye kibati. Nitapanda kuipiga picha asubuhi. Na usiandike "mlipima", watajibu ndiyo. Andika "tunaomba vipimo".

[21:02] Katibu: Nimerekebisha. Mkutano ni siku ya kazi, saa 3 asubuhi.

[21:02] Mpangaji wa Chini: Ndiyo maana huwa hauna watu. Mimi niko zamu.

[21:03] Dada wa Cherehani: Mimi naenda, nafunga cherehani nusu siku. Nabeba bili zangu za miezi 12.

[21:04] Mama Pacha: Nami naenda, ila na watoto, sina wa kumwachia. Pacha nao watie sahihi?

[21:06] Mzee wa Hesabu: Wapeleke. Uchakavu wa nguzo na waya hugawanywa miaka 40 au zaidi. Wao ndio watakaomalizia kulipa ile transfoma.

[21:07] Fundi: Nguo za rangi moja mama, tuwaone kwa mbali.

[21:07] Mama Pacha: Zipo kwa Dada tangu mwezi uliopita, alikuwa anabana umeme 🙄

[21:08] Dada wa Cherehani: Kesho jioni njoo uchukue. Taa zikishafifia.