Nampeleka mzee wangu kuhiji Dwarka na Somnath, mimi si Mhindu. Wenye uzoefu wa Gujarat nisaidieni

Mkazi wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na muda hauko upande wangu maana safari ni katikati ya Novemba.

Nafanya kazi kwa mzee wa Kihindi hapa Tanga, duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Ni Mgujarati, Mhindu wa dini, kazaliwa hapahapa na umri umeshapita themanini. Anataka kwenda kuhiji kwao Gujarat, magharibi mwa India: Dwarka kwanza, kisha Somnath, na Mungu akipenda Girnar. Kanichagua mimi nimsindikize. Mimi ni Muislamu, na nje ya nchi nimeishia Mombasa.

Ninachotaka kujua ni kama nitaruhusiwa kuingia naye kwenye hayo mahekalu, nivae nini, na njia zikoje kwa mtu wa umri ule. Asanteni.

Ostadh wa Pangani
La kuingia hekaluni kamuulize sheikh wako, usitafute fatwa kwa watu waliojificha nyuma ya majina ya bandia. Kumsindikiza mzee ni ihsani na hakuna wa kukukataza. Yeye aingie, wewe baki nje ulinde viatu.

Shangazi Kaunta
Ostadh naye, mtu kauliza nguo!

Mwanangu, mimi nilikwenda Ahmedabad kumuuguza dada. Beba nguo za pamba na soksi, viatu mtavua kila mahali na ile sakafu ya mawe saa saba mchana haina huruma. Novemba mmepatia, msiende Mei. Chakula ni dengu, chapati, maziwa ya mgando na pilipili, nyama sahau. Mume wangu alifika pale akauliza bia, akaambiwa Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lenyewe lilipoundwa mwaka 1960. Alirudi Dar amekonda kuliko mgonjwa.

Mpiga Debe Mstaafu
Baniani mbaya, kiatu chake dawa 😂 Nenda mwanangu, kula nchi.

Binti wa Upanga
@Mpiga Debe Mstaafu, hiyo methali tumeimbiwa tangu darasa la kwanza, na kila anayeitoa anadhani kaivumbua yeye.

@Mkazi wa Ngamiani, mimi ni Mgujarati wa Dar, bibi yangu mzaa baba alitoka Jamnagar, kwa hiyo njia hiyo naifahamu. Somnath iko ufukweni kabisa, jirani na mji wa Veraval. Kwetu ni ya kwanza katika jyotirlinga kumi na mbili za mungu Shiva, yaani mahali ambapo Shiva anaaminika kujidhihirisha kama nguzo ya nuru. Asiye Mhindu anatakiwa kuomba kibali kwenye ofisi ya wasimamizi kabla ya kuingia, tangazo hilo lipo tangu 2015. Nenda na pasipoti yako, jieleze kwa adabu kwamba unamshika mkono mzee. Simu, kamera na vitu vya ngozi unaviacha nje, hata mkanda, kwa hiyo vaa suruali isiyohitaji mkanda usije kuaibika mbele ya mahujaji.

Dwarka ni ya mungu Krishna. Hekalu lina ghorofa tano, na bendera yake kubwa hubadilishwa mara kadhaa kila siku, familia hugharamia zamu zao. Mlango wa kaskazini unaitwa mlango wa moksha, yaani ukombozi wa roho, ndio wa kuingilia. Wa kusini ni mlango wa peponi, na ukitokea huko kuna ngazi 56 za kushuka hadi mto Gomti unapoingia baharini. Wazee wote wanataka kuoga pale. Hizo ngazi 56 ndizo za kumwekea mkono.

Girnar, pale Junagadh, ni mlima wa ngazi kama 10,000. Tangu Oktoba 2020 kuna vibanda vinavyopandishwa kwa waya hadi hekalu la Ambaji, ila ukitaka kuendelea kilele cha Dattatreya unarudi kwenye ngazi. Mzee aishie Ambaji.

Fundi Saa
Mkifika Somnath msiache kupita msitu wa Gir. Simba wa Asia walio porini wamebaki Gujarat tu. Lakini kilichonishangaza mimi si simba, ni kijiji cha Jambur. Nashuka kwenye gari naona watu weusi kama mimi, nikawasalimia kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kigujarati! Wanaitwa Wasidi, wengi Waislamu, mababu zao walivushwa bahari kutoka huku Afrika, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Ngoma yao wanaiita goma. Kijana mmoja alinishika mkono akaniangalia kiganja, mimi nikaangalia chake, hatukuwa na lugha, tukacheka tu. Baadaye akanipeleka kwa mama yake, nikapewa chai ya maziwa na...

Shangazi Kaunta
Fundi malizia, na nini?

Fundi Saa
Simu ilikata chaji. Na muwa.

Nesi Mkongwe
Nimesoma yote, nimeona ngazi, simba na mikanda, sijaona afya ya mgonjwa. Mtu wa zaidi ya miaka 80 anavuka bahari. Ana magonjwa gani? Akizidiwa huko Dwarka, nani anasaini? Ana watoto?

Mkazi wa Ngamiani
Afya yake ni nzuri kwa umri wake. Presha na moyo tu, dawa zake nampa mimi asubuhi na jioni. Watoto wapo, wawili, wa kiume na wa kike, wanaishi Uingereza. Naomba turudi kwenye swali la kibali cha Somnath: hicho kibali ni bure?

Nesi Mkongwe
"Presha na moyo tu." Sawa. Sikuuliza wanaishi wapi. Wanajua kwamba baba yao anasafiri?

Mkazi wa Ngamiani
Naona wengine mnataka kunihukumu. Hawajui. Mzee hataki wajue. Mwaka jana aliwaambia, kaka mtu akasema kwa umri huo haendi popote, labda wao wampeleke Leicester akakae kwenye chumba cha juu. Mzee hakula siku mbili. Sasa ameniambia wakipiga simu tukiwa njiani niseme amelala.

Kabla hamjaanza: huyu mzee ndiye aliyenilipia ada. Baba yangu alikuwa mpakiaji wake, na alipofariki mzee alikuja mazikoni akakaa kwenye jamvi na sisi mpaka jioni. Hao watoto mara zao kuja hapa mnaweza kuzihesabu. Akiniambia twende, naanzaje kumwambia subiri niwaulize?

Leicester Baridi
Nipo mji huohuo unaousema. Barabara ya Belgrave imejaa wazee waliotoka Kampala, Mombasa na Dar, wamekaa dirishani wanaangalia mvua. Namwelewa mzee. Lakini nawaona na watoto wao: wanafanya kazi usiku, hofu yao ni simu ya saa tisa. Ukiwaambia amelala na kumbe yuko hospitali ya Junagadh, hawatakusamehe, na watakuwa na haki.

Ostadh wa Pangani
Na kusema uongo je? Hilo nalo kamuulize sheikh.

Wakala Kariakoo
Mimi biashara yangu ni tiketi, niulize la kwangu. Mzee anasafiri kwa pasipoti gani na viza gani? Mna cheti cha chanjo ya homa ya manjano? Ulizeni mapema kama India inakidai kutoka kwetu, maana kikidaiwa na huna wanaweza kukuweka karantini, na chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Na mnarudi lini?

Mkazi wa Ngamiani
Pasipoti ni ya Tanzania, ila ana ile kadi ya OCI ya watu wenye asili ya India, kwa hiyo viza haimhusu. Mimi nimepata viza ya mtandaoni. Ndege Dar hadi Mumbai, halafu treni ya Saurashtra Mail hadi Dwarka. Mimi narudi kabla ya Krismasi.

Wakala Kariakoo
Nimesema MNARUDI, wewe umejibu NARUDI. Tiketi ya mzee ikoje?

Wakala Kariakoo
Tupo tunasubiri.

Mkazi wa Ngamiani
Ya kwenda tu.

Ndivyo alivyotaka. Tiketi zimeshalipwa, kwa hiyo "usiende" haiwezi kuwa ushauri tena. Ana mtoto wa ndugu yake Jamnagar, anasema atakaa huko, na atakuwa anakwenda Dwarka kila anapojisikia. Hajaniambia anakwenda kufa. Na mimi sijamuuliza.

Nesi Mkongwe
Ee Mola.

Binti wa Upanga
Jamani msimfanye mzee amechanganyikiwa. Dwarka ni mmoja wa miji saba ambayo kwetu mtu akifia humo anaaminika kupata moksha, kutoka kabisa kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kuna wanaokwenda Kashi, yaani Varanasi, kwa sababu hiyohiyo. Ni jambo linaloeleweka nyumbani kwetu. Ila nyumbani kwetu pia linaagwa. Mwana wa kiume ndiye anayewasha moto wa mazishi. Hakuna baba wa Kihindu asiyelijua hilo.

Mpiga Debe Mstaafu
Na duka anaachiwa nani?

Mkazi wa Ngamiani
Duka haliingii hapa.

Mpiga Debe Mstaafu
😂😂 Limeshaingia.

Jasusi wa Chai
Wakuu mnaliwa kichwa. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Nimepekua mabandiko yake ya nyuma. Miezi michache iliyopita aliomba ushauri wa gia ya lori akiwa Tunduma. Leo ni karani wa duka Tanga. Na kwenye uzi ule alijitaja jina: Mahmudu. Sasa nisikilizeni. Somnath ilibomolewa na Sultani Mahmud wa Ghazni mwaka 1026. Dwarka ikabomolewa karne ya 15 na Sultani Mahmud Begada wa Gujarat. Halafu eti Mhindu wa Tanga, katika watu wote wa dunia hii, anachagua kupelekwa kwenye mahekalu hayohayo na kijana anayeitwa Mahmudu? Mtunzi kapitiliza chumvi.

Msomi wa Jioni
Hapo kwenye historia Jasusi yuko sawa, na nitaongeza kidogo. Hekalu la Somnath linaloonekana leo si lile alilobomoa Mahmud wa Ghazni wala yale yaliyolifuata zamani. Naibu Waziri Mkuu Sardar Vallabhbhai Patel alikwenda pale Novemba 1947 akaahidi lijengwe upya, mwanasiasa K. M. Munshi akalisimamia, na Rais Rajendra Prasad akalizindua Mei 1951, ingawa Waziri Mkuu Nehru hakupenda rais wa nchi isiyo na dini rasmi ahudhurie. Na Septemba 1990 L. K. Advani, kiongozi wa chama cha BJP, alianzia palepale Somnath msafara wake kuelekea Ayodhya, kudai hekalu la Rama lijengwe mahali pa msikiti wa Babri. Kwa hiyo kibali mnachokiona kama urasimu kina mzigo mrefu nyuma yake. Jina la kwenye pasipoti litasomwa.

Jasusi wa Chai
Bado sijamaliza. Kwenye ujumbe wa faragha nilimuuliza watafikaje kisiwa cha Bet Dwarka, kanijibu "kwa boti kutoka Okha". Kuna daraja tangu Februari 2024, linaitwa Sudarshan Setu, zaidi ya kilomita mbili! Mtu mwenye tiketi mkononi hajui? Weka picha ya tiketi, ficha majina.

Mkazi wa Ngamiani
Picha siweki. Akaunti hii tulikuwa tunatumia na kaka yangu, yeye ndiye dereva wa lori, na Mahmudu ni mimi, alikuwa ananiulizia mambo ya gia kwa sababu duka letu lina vipuri. Boti kanisimulia mzee. Mara ya mwisho alikwenda na mkewe, kabla sijazaliwa, na boti ndiyo anayoijua. Hilo la daraja nimemwambia leo. Amenuna.

Kuhusu Masultani, mzee anawajua wote wawili. Ananitania tangu niko mdogo: "Mahmud, wewe ukifika lazima ubebe tofali." Sasa hiyo nayo mtasema chai.

Fundi Saa
Mimi namwamini. Mtu anayetunga angejua daraja, angesoma mtandaoni kwanza.

Jasusi wa Chai
Ndivyo mtunzi mzuri anavyofanya.

Shangazi Kaunta
Chai au si chai, mimi nataka kujua la duka.

Leicester Baridi
Mkiwa mnapita Porbandar kutoka Dwarka kwenda Somnath, mwonyeshe Kirti Mandir, pale alipozaliwa Gandhi. Fedha za ujenzi zilitoka kwa Nanji Kalidas Mehta, yule wa kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Sukari ya kwetu ile, mzee atafurahi. Lakini kabla ya hapo mpigieni binti yake. Kama kaka ni mkali, anza na dada.

Nesi Mkongwe
Naunga mkono. Na barua ya daktari, majina ya dawa yawe yameandikwa kwa Kiingereza, na dozi za mwezi mzima kwenye begi la mkononi.

Mkazi wa Ngamiani
Barua ya daktari nitaifuata kesho. La dada nilishasema hapana, nitawaambia tukiwa tumefika salama. Wakishajua kabla, tiketi zinakufa.

Binti wa Upanga
Basi msomee mzee huu uzi. Aamue yeye, siyo wewe wala sisi.

Mkazi wa Ngamiani
Nimemsomea, nikaruka ya duka. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo Jasusi analipwa na nani. Halafu kachukua simu yangu kampigia binti yake mwenyewe. Wameongea Kigujarati muda mrefu, mimi nashika maneno ya dukani tu, nimesikia Dwarka, nimesikia jina langu, na mzee amepandisha sauti mara moja. Kisha kanirudishia simu, kafunga hesabu, kaenda kulala.

Sasa hivi dada ametuma WhatsApp. Hajagombana. Anataka picha ya pasipoti yangu na namba ya viza, na anasema kuhusu karatasi za duka tutaongea. Nimtumie?

Wakala Kariakoo
Usitume kitu mpaka uongee na mwanasheria.

Leicester Baridi
Tuma. Na usiku huuhuu.

Mpiga Debe Mstaafu
Karatasi ZIPI?