Nasali na nasoma Neno lakini maisha yanazidi kubana, imani inakuaje hapo?

boda_wa_kijiweni:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi naendesha boda hapa Mbeya, pikipiki ya mkataba, kila jioni lazima nipeleke hesabu kwa tajiri mvua inyeshe isinyeshe. Sasa mtoto anaumwaumwa toka mwaka jana, hela yote inaishia kwenye dawa, hesabu zinalala na tajiri kashaanza kusema atachukua chombo chake. Ibada sikosi, nafunga, ila usiku nikipiga magoti sina hata neno la kusema, nakaa kimya mpaka usingizi unanipitia. Mtumishi mmoja kaniambia imani yangu ndogo, nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya hela, ndo milango ifunguke. Kweli jamani shida ni dalili Mungu kaniacha?

mama_lishe:
Pole sana mdogo wangu, mtoto apone kwa jina la Yesu. Hilo la imani ndogo likatae kabisa! Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu ule mwiba wa mwilini, yaani mateso yaliyokuwa yanamsumbua, umtoke na haukutoka, akajibiwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu", soma 2 Wakorintho 12. Na huyohuyo Paulo pale Korintho alikuwa anashona mahema na Akila na Prisila, yaani mtume mzima anafanya kazi ya mikono kama mimi na wewe, nani atasema hakuwa na imani? Hiyo hela ya mbegu mnunulie mtoto dawa.

mwalimu_sunday_school:
Naongezea hapo kwenye kukosa maneno. Fungua Zaburi ya 13, ni fupi sana, isome kwa sauti iwe ndo sala yako. Daudi anaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na Mungu hakukasirika, maneno hayo yamewekwa kwenye Biblia ili na sisi tuyatumie. Mwishoni anaimba lakini angalia vizuri, hakuna panaposema adui zake walikuwa wameshaondoka. Na siku hata kusoma huwezi, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo ule ukimya wako magotini ni maombi kabisa kaka usiudharau. Watu wengi tunaipenda Warumi 5 pale kwenye tumaini ila Paulo anaanza na dhiki, halafu saburi, halafu uthabiti wa moyo, na hiyo saburi hailetwi na semina, inakuja hivihivi unapoamka alfajiri kutafuta hesabu huku bado unamwita Bwana.

kijana_wa_kwaya:
Mi nakumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19, kachoka mpaka anaomba afe. Malaika hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala tena. Kwa hiyo bro kula, lala, na usibebe peke yako, waambie wazee wa kanisa na jumuiya yako wazi kabisa hali ilivyo, Wagalatia 6:2 inayosema tuchukuliane mizigo iko kwa ajili hiyo. Halafu kama mnatibiwa hospitali ya serikali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, wanasikiliza wasio na uwezo wa kulipa.

boda_wa_kijiweni:
Mbarikiwe sana, hiyo Zaburi nimeisoma hapahapa kijiweni nikisubiri abiria nimejikuta nalia. Ustawi wa jamii nitapita kesho tukienda kliniki. Leo jioni naenda kwa tajiri kuomba aniongezee muda, mniombee.