Tupeane uzoefu: pombe za kwenye TV zilikufanya nini ukiwa mdogo?

Wakuu habari za jioni. Jana nimekaa na mdogo wangu wa kidato cha pili tunaangalia tamthilia, kila baada ya muda mtu anamimina, kaachwa anamimina, kapata dili anamimina, na hakuna hata mmoja anayeamka kesho yake kichwa kinamgonga. Nikakumbuka mbali sana. 2012 nikiwa kidato cha tatu tulikuwa tunashinda kibanda umiza, muvi za kibongo stelingi akipigwa chini lazima aende baa, basi na mimi nilipoachwa nikajua ndo utaratibu. Tukachanga tukanunua viroba, zile pombe kali za kwenye pakti, enzi hizo serikali haijavipiga marufuku (ilikuja kuwa Machi 2017), jero tu unapata. Nikang'ata kona ya pakti kwa meno nikakamulia yote mdomoni, koo likawaka mpaka machozi. Nimelala mtaroni na sare ya shule, matapishi kifuani, kiatu kimoja mpaka leo sijui kilienda wapi, bibi ndo alinifuata na tochi. Kipande hicho sijawahi kukiona kwenye TV. Na nyie mlianzaje?

Fundi Taa
Mkuu mimi nafunga taa lokesheni. Ile wiski mnayoiona mara nyingi ni chai ya rangi imepoa. Msanii anapiga glasi sita na bado anaongea vizuri kwa sababu hajanywa kitu, sasa dogo wa miaka 15 atajuaje? Kuna mmoja alikuja kushangaa shuti akaniuliza mbona yule dada halewi, nikampa glasi aonje. Alinyamaza kidogo akasema "kaka, kumbe chai."

Mama Pacha, Mombasa
Mimi nilimpata binti yangu wa miaka 14 jikoni ametia Sprite kwa glasi ya mguu, anaizungusha, anainusa kwanza. Namuuliza wafanya nini mwanangu, ati "natuliza akili mama, mitihani imenichosha." Maneno ya yule mwanamke wa kwa TV, neno kwa neno! Nyumbani kwetu hakuna anywaye, sisi Waislamu. Sheria ya Kenya ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini haifiki sebuleni kwangu. Siku hizi nakaa nae nikitazama, na nimeshaona kumuuliza kunasaidia kuliko kuzima.

Mbeba Box
Niko Minnesota. Nilikuja na picha ya Gossip Girl kichwani, ile tamthilia ya Kimarekani ya 2007, watoto wa sekondari wanakunywa martini kwenye baa za New York bila shida. Kumbe sheria hapa ni miaka 21, mimi na ndevu zangu nikaombwa kitambulisho dukani.

Mtoto wa Mwisho
Mimi walevi wa kuchekesha ndo waliniumiza. Mlevi wa kwenye vichekesho anayumba, anagombana na nguzo ya umeme, na sisi tumejaa kwa jirani tunacheka maana kwetu hatukuwa na TV. Nikirudi nyumbani baba naye anakuja anayumba vilevile, anaimba vilevile, mama anatuambia tuzime kibatari tujifanye tumelala. Siku moja baba akapita hapo nje tukiwa tunaangalia, wenzangu wakageuka wakaanza kumcheka kama wanavyomcheka yule wa kwenye TV. Nilikuwa darasa la tano. Sikwenda tena kuangalia.