Nimebadili taa za dashibodi ya pikipiki kuwa bluu, indiketa inawaka upande mmoja tu

rider_wa_usiku:
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki 125 yenye mita ya mshale, natoka kazini saa nne usiku kila siku na ile taa ya njano ya kwenye mita ilishafifia hata namba sizioni, nikapita Kariakoo nikachukua vibalbu vya LED vya bluu, vile vidogo vya kuchomeka visivyo na kitako cha chuma, nikabadilisha vyote mwenyewe hapa nyumbani. Imependeza ila sasa taa ya indiketa kwenye dashi (iko moja tu kwa kulia na kushoto) nikiweka kulia inawaka, nikiweka kushoto kimya, na taa za nje zinawaka fresh pande zote. Ya nyutro haiwaki kabisa. Na engine ikiwa inazunguka polepole ule mwanga wa kwenye mita unachezacheza. Nimeharibu kitu?

fundi_waya:
Hujaharibu kitu mkuu, tulia. Balbu ya zamani ina waya ndani, umeme ukitokea kulia au kushoto inawaka tu. LED inapitisha umeme upande mmoja, ukiichomeka kinyume haiwaki. Kwa hiyo ya nyutro ichomoe igeuze nyuzi 180 urudishe, itawaka. Shika ile soketi ya raba yenyewe usivute waya, zile waya zikichomoka kwenye soketi utahangaika bure.

Indiketa hiyo kugeuza hakusaidii, utapata kushoto ukose kulia. Pikipiki zenye taa moja ya indiketa kwenye dashi, ile balbu imefungwa katikati ya waya wa kulia na waya wa kushoto, haina ethi yake (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi). Ukiwasha kushoto umeme unapita kwenye balbu ya dashi unaenda kutafuta ethi kupitia taa za kulia, ukiwasha kulia unarudi kinyume. Rahisi kuliko yote rudisha balbu ya zamani hapo pekee. Ukitaka lazima LED basi tafuta dayodi mbili 1N4007 (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), moja kwenye waya wa kulia nyingine kwenye wa kushoto, ile mistari ya fedha iangalie balbu, ziungane ziingie chanya ya LED, halafu hasi uipeleke ethi. Na siku ukibadili za nje nazo kuwa LED bila dayodi hizo, ukiwasha upande mmoja zinaweza kuwaka zote nne, hiyo ni hatari barabarani anayekuja nyuma hajui unakata wapi.

Kuchezacheza: zima engine, weka funguo on, washa taa. Kama taa ya mita haiwaki mpaka upige kiki, ujue inakula moja kwa moja kwenye magneti (kile kinachozalisha umeme engine ikizunguka), haipiti betri. LED haipendi huo umeme, itacheza na mwisho itakufa. Uhamishie kwenye waya unaotoka swichi ya funguo na uweke fyuzi ndogo.

mama_wa_boda:
Kaka fundi kamaliza upande wa waya, mimi niseme rangi. Niliwahi kuweka bluu kali, njia ya giza kutoka Chalinze nilikuwa nikiangalia mita halafu nikirudisha macho barabarani sioni kitu kwa muda, nusura nimpitie mtu wa baiskeli asiye na taa. Nikaweka nyekundu hafifu, macho hayapotezi kuzoea giza, ndo maana hata kwenye meli usiku wanatumia nyekundu. Ila cheki kwanza uso wa mita yako, kama ule mkaratasi wa ndani una rangi ya kijani ukiweka LED nyekundu nyuma yake unapata giza tupu, hapo weka nyeupe tu rangi itajitokeza yenyewe. Na tafadhali zile za alama usiziguse rangi, fulu (taa ya mwanga mrefu) ibaki bluu na nyutro ibaki kijani, siku ukimuazima mtu pikipiki ajue anaangalia nini.

kijana_mita_digito:
Samahani nadandia uzi, yangu ni ya kioo cha digito, naweza kuchomeka hivyo hivyo?

fundi_waya:
Hapana mdogo wangu, hizo LED zimelehemiwa kwenye bodi, ni vidude vidogo kama punje ya mchele. Inabidi kufungua mita, kutoa moja moja kwa pasi ya solda yenye ncha nyembamba na kuangalia chanya na hasi kila moja. Ukizidisha moto unang'oa njia ya shaba na mita inakufa. Mpe anayetengeneza simu, pikipiki yenyewe mwachie fundi wako.

Na wote, msiweke balbu ya wati 5 sehemu ya wati 1.7 ili kuongeza mwanga, nimefungua mita nyingi plastiki imeyeyuka na namba zimekuwa kahawia.

rider_wa_usiku:
Nyutro nimegeuza imewaka papo hapo! Indiketa nimerudisha balbu ya zamani, pande zote safi. Nimepima kama ulivyosema, kweli ya mita inakula magneti, Jumamosi nahamisha waya. Na dada asante, bluu naitoa kesho hiyohiyo.