Brahms au Bruckner: nani alikuwa bingwa wa simfoni pale Vienna?

Wakuu, kila anapotajwa Anton Bruckner, mtunzi wa muziki wa Austria wa karne ya 19, kuna kauli haikosi kutokea: eti aliandika simfoni (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) ileile mara tisa, na kwa mtunzi mwenzake Johannes Brahms hafui dafu. Siikubali, na leo naileta hapa tuijadili.

Turudi Desemba 1877. Tarehe 16, jijini Vienna, Bruckner aliongoza mwenyewe Simfoni yake ya Tatu, aliyomtunukia Richard Wagner, mtunzi wa opera. Watu wakawa wanatoka ukumbini mmojammoja, hadi mwisho wakabaki wachache sana, akiwemo kijana wa miaka 17, Gustav Mahler, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mtunzi mkubwa. Tarehe 30, mjini humohumo, kondakta Hans Richter akaongoza Simfoni ya Pili ya Brahms, na ikapendwa hata sehemu yake ya tatu ikarudiwa. Wengi wanaishia hapo na kutoa hukumu. Wanasahau kwamba Vienna ilikuwa imegawanyika kambi mbili, ya Wagner na ya Brahms, na Eduard Hanslick, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote, alikuwa upande wa Brahms.

Kuhusu zile kimya ndefu za Bruckner, watu husema alikuwa ameishiwa mawazo. Jamani, huyu alikuwa mpiga kinanda kikubwa cha mabomba wa monasteri ya St. Florian, kisha wa kanisa kuu la Linz! Ndani ya kanisa la mawe, kinanda kikinyamaza, kuta zinaendelea kuimba, na mpigaji hana budi kungoja. Mimi nimeimba kwaya miaka mingi, na ule mwangwi baada ya noti ya mwisho naujua. Bruckner aliuhamishia kwenye okestra. Kimya chake ni sehemu ya wimbo.

*Mchangiaji wa pili:*
Ndugu yangu, hapo napingana nawe. Sikiliza sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Nne ya Brahms, iliyopigwa mara ya kwanza Meiningen mwaka 1885. Msingi wake ni noti nane tu, wazo alilolitoa kwenye kantata (kazi ya waimbaji na ala) ya mtunzi wa zamani, Bach. Anazigeuza mara thelathini, na hakuna mgeuzo unaofanana na mwenzake. Tromboni, zile tarumbeta kubwa za kuvuta, zimekaa kimya sehemu tatu nzima zikiingoja hiyo. Hakuna noti ya kutupa. Bruckner yeye aliiandika upya kazi yake tena na tena. Sasa wewe niambie, Simfoni yake ya Tatu ni ipi? Ya 1873, ya 1877 au ya 1889? Tutalinganishaje kazi ambayo mtunzi mwenyewe hakujua imekwisha lini?

*Mwanzisha mada:*
Hoja yako ina uzito, lakini Brahms naye alisitasita. Mwaka 1862 alimwonyesha rafiki yake Clara Schumann, mpiga piano, sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Kwanza, na kazi nzima ikasikika 1876. Alikuwa na miaka 43, umri uleule aliokuwa nao Bruckner ilipopigwa Simfoni yake ya Kwanza kule Linz mwaka 1868. Tofauti ni kwamba Brahms alirekebisha mlango ukiwa umefungwa, Bruckner akarekebisha mbele za watu.

Tena marekebisho hayakuwa hasara siku zote. Mwaka 1887 kondakta Hermann Levi aliikataa Simfoni ya Nane, na Bruckner akaumia mno. Sehemu ya kwanza ilikuwa inamalizika kwa kishindo. Katika toleo la 1890 inafifia hadi inazimika, na mwenyewe aliifananisha na saa inayoendelea kugonga chumbani mwa mtu anayekata roho. Nani angependa kile kishindo kirudi?

Ile sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Nne ya Brahms nakuachia. Bruckner hakuwahi kumaliza simfoni kwa ukamilifu ule. Lakini nenda kwenye sehemu ya polepole ya Simfoni yake ya Saba. Alikuwa akiiandika Wagner alipofariki, Februari 1883, na pale mwishoni anamwaga machozi yake kupitia tuba nne za Wagner, ala za shaba zenye jina la Wagner huyohuyo. Nitajie sehemu ya polepole ya Brahms inayofika hapo.